Maswali na majibu: Mini ya 1965 dhidi ya Jaguar katika mashindano ya saa tatu

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Mimi na binamu yangu tumejiandikisha katika mashindano ya gemu yatakayofanyika kwenye ukumbi mmoja huko Malindi. Gemu ni Gran Turismo 7, ya mbio za magari, uwanja ni Suzuka, muda ni saa tatu mfululizo, na kila timu ina watu wawili wanaopokezana pedi ya kuchezea. Magari yote ni ya zamani na yamegawanywa kwa kura. Sisi tumeangukiwa na Mini Cooper S ya 1965, na timu inayoogopwa zaidi ina Jaguar E-type ya 1961, ingawa mwandaaji ameipunguza nguvu na kuturuhusu sisi kuongeza kidogo. Katika mazoezi ya saa nzima wastani wetu ulikuwa dakika 3 kamili kwa mzunguko. Jaguar tumeiona kwenye skrini ikiandika dakika 2 na sekunde 54. Tangi letu linatupeleka mizunguko 18, lao mizunguko 8. Kila kuingia piti, yaani kusimama kuongeza mafuta na kubadilisha matairi, kunakula takriban dakika moja. Je, kuna namna ya kushinda, au tuombe kubadilishiwa gari? Na je, tutaathirika kwa kuwa hatujawahi kuendesha gari halisi, maana hapa mjini kwetu ni miguu na punda? – Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Msiombe kubadilishiwa gari. Umeniletea takwimu nzuri, na kwa takwimu hizo hizo nitakuonyesha kwamba mko karibu na Jaguar kuliko mnavyodhani, na kwamba sehemu kubwa ya pengo lililobaki inaweza kuzibwa kabla ya siku ya mashindano.

Tuanze na hesabu, kwa sababu katika mbio za masafa marefu gari linalopita kwa kishindo mbele ya macho yako si lazima liwe ndilo linaloongoza. Saa tatu ni sekunde 10,800. Jaguar yenye tangi la mizunguko 8 italazimika kuingia piti mara 7 ili ifikie mzunguko wa 60, na hizo ni sekunde 420 zinazopotea. Nyinyi, kwa mizunguko 18 kwa tangi, mtaingia mara 3, yaani sekunde 180. Hapo tayari mmewazidi kwa dakika 4. Kwa upande wa pili, mnapoteza sekunde 6 katika kila mzunguko, na kwa mizunguko 59 hizo ni sekunde 354. Ukitoa 240 mlizookoa piti, mnabaki nyuma kwa sekunde 114, ambazo hazifiki hata dakika mbili katika mashindano ya saa tatu.

Sasa angalia jambo ambalo huenda lilikupita ulipokuwa ukiandika. Dakika 3 zenu ni wastani wa saa nzima, wakati dakika 2 na sekunde 54 za Jaguar ni muda mliouona kwenye skrini, na mara nyingi skrini huonyesha mzunguko bora. Hizo si namba za kulinganishwa. Gari zito lenye nguvu huchosha matairi yake ya nyuma, na mizunguko miwili ya mwisho kabla ya piti haifanani hata kidogo na ule wa pili baada ya kutoka. Mtafuteni mtu awapimie mizunguko 8 mfululizo ya Jaguar kisha mtoe wastani. Wastani huo ukizidi muda ule bora kwa sekunde 2 tu, zile 114 zote zimekwisha na mmelingana nao kabla hamjagusa chochote katika gari lenu.

Hata hivyo, msijenge mpango wenu juu ya udhaifu wa mwenzenu. Jengeni juu ya piti, na hapa ndipo ninapotaka ukae na kusoma polepole.

Mkiingia piti mara 2 badala ya 3, mnaokoa sekunde 60. Ili jambo hilo liwezekane, mizunguko 60 igawanywe kwa matangi matatu, yaani mizunguko 20 kwa kila tangi. Lakini mashindano ya muda hayakomi saa inapogonga. Kila gari humaliza mzunguko lililomo, na mkiwa na kasi nzuri kidogo mnaweza kujikuta mmeanza mzunguko wa 61 bila mafuta ya kuumaliza. Kwa hiyo lengeni mizunguko 20 na nusu kwa tangi, wala msiridhike na 20 kamili. Kutoka 18 hadi 20 na nusu ni nyongeza ya asilimia 14 hivi, na inapatikana. Kipimo cha kuamua ni rahisi: kubana mafuta kukiwagharimu chini ya sekunde 1 kwa mzunguko, mnafaidika, kukizidi hapo, ingieni piti mara 3 kama mlivyopanga mwanzoni.

Watu wengi wakisikia kubana mafuta huenda moja kwa moja kwenye ile orodha ya viwango vya mafuta, ambapo 1 ni nguvu kamili na 6 ni kubana kabisa. Kwa Mini sikushauri uanzie huko, kwa sababu gari lenye nguvu kidogo likipunguziwa nguvu huumia kila mahali, na zaidi kwenye mwinuko. Anza na mguu, au tuseme kidole kwa kuwa mnatumia pedi. Chukua mfano wa njia ndefu ya nyuma pale Suzuka, ile inayotoka kwenye kona ya Spoon, ikapita juu ya daraja na kuelekea kona ya kasi iitwayo 130R, kisha ikafika kwenye zile kona mbili fupi za mwisho. Mita mia moja kabla ya sehemu unayofunga breki kwa kona hizo fupi, achia akseleta kabisa, wala usiguse breki. Gari litaendelea kuserereka kwa kasi ileile kasoro kidogo. Mini ikiwa imeshafika kasi yake ya juu, mita hizo mia za mwisho zilikuwa zikila mafuta mengi bila kukuongezea chochote. Kisha funga breki mahali palepale ulipozoea, lakini kwa wepesi zaidi. Fanya hivyo pale, na kabla ya ile kona kali ya kugeuka nyuma, na mwisho wa njia ya kuanzia. Sehemu tatu zinatosha. Kisha tazama ile namba ya mizunguko iliyosalia kwenye skrini: mkifanya sawasawa mtaiona ikikataa kushuka kwa mzunguko mzima kila mnapopita mstari, na hapo ndipo mtajua kidole kimeelewa.

Njia ya pili ni gia. Kama mnatumia gia za kujibadilisha zenyewe, ziacheni leo. Mfumo huo husubiri injini ifike kwenye alama nyekundu ndipo ubadilishe, na sehemu hiyo ya mwisho ya geji ni kelele na mafuta tu. Badilisheni wenyewe mapema kidogo, hasa mnapoingia gia ya tatu na ya nne. Mini halisi ya mwaka huo ilikuwa na gia nne na injini ya sentimita za ujazo 1275, na uzuri wa injini hiyo ulikuwa katika mvuto wake wa katikati.

Njia ya tatu ni Jaguar yenyewe. Watakapowapita, na watawapita, msipigane nao. Wapisheni kwenye njia iliyonyooka, kisha kaeni nyuma yao, kwa sababu gari lile linapasua upepo na linawaachia nafasi ambamo Mini itakwenda kasi ileile kwa mafuta machache. Nimewaona vijana hodari wakiharibu dakika nzima kwa kuziba njia ili wasipitwe na gari ambalo lingeingia piti mizunguko mitatu baadaye.

Kuhusu matairi, kumbuka kwamba Mini huvutwa na magurudumu ya mbele. Tairi la mbele linageuza, linavuta na kubeba sehemu kubwa ya breki, huku la nyuma likifuata tu. Kwa hiyo mpango wa mizunguko 20 utavunjwa na matairi ya mbele kabla haujavunjwa na mafuta. Chagueni tairi gumu mliloruhusiwa, hata kama mzunguko wa kwanza utakuwa mzito. Ongezeni ugumu wa chuma cha nyuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, ili sehemu ya nyuma isaidie kugeuza. Sogezeni mgawanyo wa breki hatua moja au mbili kuelekea nyuma, mkipima kila hatua, maana ukizidisha gari litageuka lenyewe unapofunga breki ukiwa ndani ya kona. Difu, yaani mfumo unaogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, isikazwe sana. Na kwenye zile kona za S zinazopanda baada ya kuanza, mkisikia tairi likilia kwa muda mrefu, tayari mnalipa: fungueni usukani kidogo na mwacheni Mini aende mwenyewe, kwa kuwa wepesi wake ndio unaompa faida hapo kuliko mahali pengine popote.

Uwiano wa gia ya mwisho ninautaja kwa ufupi: upangeni ili gari likaribie kikomo cha gia ya nne mwishoni mwa njia ya nyuma likiwa nyuma ya gari lingine. Likiwa peke yake libakishe nafasi kidogo.

Umeuliza kama kutoendesha gari halisi kutawaathiri. Hakutawaathiri. Anayejua gari halisi huhisi uzito ukihamia mbele anapofunga breki; nyinyi mtauona kwa macho, pua ya gari ikiinama, na mtausikia kwa tairi. Kijana aliyekulia kwenye vichochoro vya Lamu amezoea tangu utotoni kupishana na punda mwenye mzigo kwa nafasi ya kiganja bila kugusa ukuta, na jicho hilo la kupima nafasi linatumika vizuri sana kwenye kona.

Msidhani ninawapa matumaini ya bure kuhusu gari dogo. Mwaka 1966, katika mbio za maili 500 za Bathurst kule Australia, kwenye uwanja wa mlimani wenye magari makubwa zaidi, Mini Cooper S zilichukua nafasi zote tisa za kwanza, na gari lililoshinda liliendeshwa na Rauno Aaltonen na Bob Holden. Na hapa kwetu, mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari lenye umbo la miaka ya arobaini. Katika Safari ya 1963 na ile ya 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara, na mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la familia. Ninayataja haya kwa sababu ya jambo moja mahususi: mara nyingi anayeshinda ni yule anayefika mwisho bila kuharibu gari, na katika mpango niliokupa, kugonga ukuta mara moja na kupoteza sekunde 40 ni sawa na kutupa theluthi mbili za faida ya piti mliyoisotea kwa saa tatu.

Kwa hiyo pokezaneni kwa nidhamu. Mwaka 1952, katika mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, Pierre Levegh aliendesha Talbot yake peke yake kwa takriban saa 23, akiwa anaongoza kwa mbali, akakataa kumwachia mwenzake usukani. Injini ikaharibika katika saa za mwisho na Mercedes zikachukua nafasi mbili za kwanza. Nyinyi mna piti mbili, hivyo mna vipande vitatu vya takriban saa moja kila kimoja. Yule mwenye mkono mtulivu zaidi aendeshe cha kwanza na cha tatu, hata kama si yeye mwenye mzunguko wa kasi zaidi. Anayepumzika asikae kimya. Kazi yake ni kuandika namba ya mafuta kila mzunguko kwenye karatasi na kumsomea mwenzake, kwa sababu anayeendesha hataikumbuka.

Mwisho, umeme na intaneti. Kila timu ikiwa na mashine yake ndani ya chumba kimoja cha mtandao, mashine ikizimika au intaneti ikikatika mmetoka, na hakuna kurudi. Muulizeni mwandaaji kabla ya siku yenyewe kama mashine, televisheni na kisambaza intaneti vyote vitatu vimeunganishwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, maana mara nyingi watu hukumbuka mashine na kusahau kile kisanduku kidogo cha intaneti. UPS ya kawaida inatoa dakika chache tu, kwa hiyo jenereta iwe tayari na awepo mtu wa kuiwasha. Mashine isiwekwe ndani ya kabati. Kwa joto letu la pwani itapiga feni kwa nguvu ndani ya nusu saa. Pedi ya pili iwe imechajiwa na imeshaunganishwa, na jaribuni kubadilishana nayo mkiwa kwenye mazoezi, gari likiwa limesimama piti.

Nitumie wastani wa ile mizunguko 8 ya Jaguar ukishaupata, pamoja na namba yenu ya mizunguko kwa tangi baada ya mazoezi ya kuachia akseleta mapema, nami nitakurudishia hesabu ya mzunguko upi wa kuingia piti.