Kabla hujakopa hela ya mashine ya mtori wa pakiti

Ndugu yangu, watu 20 hapo Moshi kukuambia mtori (ile supu nzito ya ndizi na nyama) wa pakiti ni wazo zuri si sababu ya kukopa hela ya mashine ya kukaushia ndizi. Nani atakuvunja moyo usoni?

Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, muulize mama anayenunua ndizi: mara ya mwisho ulipika mtori lini? Nini kilikuchosha? Pakiti yako usiitaje kabisa. Mimi niliwahi kuuliza hivyo, mama mmoja akanionyesha vidole vyeusi kwa utomvu, akacheka: “Kumenya nimezoea, nyama ndiyo inamaliza gesi.”

Halafu kausha ndizi kidogo juani, uza pakiti kumi kwa hela taslimu. Hesabu wanaorudi bila kupigiwa simu. Shangazi zako usiwahesabu.