Jibu: Honi inalia usukani ukikatwa kulia tu
Habari ndugu. Umesema honi inalia ukikata kulia tu, ukinyoosha usukani kimya, na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama ulio kwenye usukani) imewaka. Basi kwa kuwa honi bado inalia, fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya honi) ni nzima, usipoteze hela huko. Gari langu lilinifanyia hivyohivyo nikitoka Mikindani kuja Mtwara mjini. Kosa lilikuwa ule utepe wa waya uliojikunja nyuma ya usukani, unaounganisha honi na eabegi; ulikuwa umekatika. Kabla ya kufungua, tafadhali sana, chomoa waya wa hasi wa betri usubiri dakika 10, eabegi isije ikakulipukia usoni. Mpya uufunge magurudumu yakiwa yamenyooka na utepe uko katikati, la sivyo utakatika tena. Ukimaliza, kagua na plagi ya honi yenyewe kule mbele: huku pwani chumvi inazila.