Yai halileti usaha kwenye kidonda cha moto

Hapana dada, usimnyime mgonjwa wenu aliyeungua moto mayai wala maharage eti yataleta usaha kidondani. Usaha huletwa na vijidudu, si chakula. Mtu aliyeungua sana anahitaji protini kuliko mzima: ngozi mpya inajengwa kwa protini, na nyingine inapotea kila siku na yale majimaji yanayovuja kidondani. Asipoila, mwili unaitafuta kwenye misuli yake mwenyewe.

Mtu mzima mwenye afya hutosheka na gramu 0.8 hivi za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa aliyeungua vibaya, mwongozo wa ESPEN, chama cha lishe tiba cha Ulaya, unataja 1.5 hadi 2. Mama wa kilo 50, basi, ni gramu 75 hadi 100 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa 8. Supu ya mifupa mnayomtegemeza nayo ni maji na mafuta zaidi, nyama yenyewe mnakula nyie!

Nilipomuuguza mama yangu alikuwa hawezi kutafuna, nikawa nasaga dagaa wakavu hadi wanakuwa unga laini, kijiko kimoja kwenye uji wa maziwa, mara nne kwa siku. Alimaliza kikombe. Uji mtupu alikuwa anausukuma.

Ila kama figo zake zina shida, kiasi apangiwe na daktari au mtaalamu wa lishe wa wodini kwanza.