Kabla ya kununua dashibodi, ulizaneni mwanachama hai ni nani

Kwenye SACCOS niliyofanyia kazi miaka minne, safari yetu ya data ilianza na televisheni ya kuonyeshea dashibodi, yaani ukurasa wa namba na grafu za hali ya chama. Inchi 55, ikafungwa ukutani pale mapokezi, nje ya ofisi ya meneja, marejesho yakiwaka kijani na malimbikizo mekundu. Wiki ya kwanza kila aliyepita alisimama kuangalia. Mwezi wa tatu mtu akaichomeka kwenye king'amuzi, na siku ya Simba na Yanga ndipo nilipoona watu wakiikodolea macho tena.

Iliyoimaliza dashibodi ile ni hoja moja ya mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu ambaye ofisi nzima tunamwita Mwalimu. Aliuliza tu, "Wanachama hai tunao wangapi?" Mhasibu akataja namba yake, ofisi ya mikopo ikataja yake, ukutani ikawapo ya tatu. Kati ya kubwa na ndogo palikuwa na pengo la watu zaidi ya elfu moja. Mwalimu akavua miwani. "Sasa wanangu, hao elfu moja wamelala wapi?"

Hakuna aliyedanganya. Kwa mhasibu, hai ni yeyote mwenye hisa ambaye hajajitoa. Kwa watu wa mikopo, ni aliyeweka akiba ndani ya miezi mitatu. Fundi aliyetutengenezea dashibodi hakuambiwa lolote, kwa hiyo alihesabu kila jina lililomo kwenye mfumo, marehemu wakiwemo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza leo anunue programu gani, namwambia kwanza aite wakuu wa idara chumba kimoja, waandike maana ya maneno wanayoyahesabu, kila neno na mtu mmoja wa kulijibia. Sisi tulitumia alasiri tatu. Neno "mwanachama hai" liliisha mapema. Ugomvi ulikuwa kwenye "mkopo uliochelewa". Wakopaji wetu wengi wanakatwa kwenye mshahara, na kuna waajiri ambao makato wanayaleta wiki mbili baadaye. Mkopaji ameshakatwa, hela haijafika, na mfumo unamwandika mdaiwa sugu. Nani amechelewa hapo? Afisa mikopo alitaka ahesabiwe mkopaji, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwishoni tukatenganisha safu mbili: siku alizochelewa mkopaji, na makato yaliyo mikononi mwa mwajiri. Safu hiyo ya pili ndiyo iliyomtoa meneja ofisini kwenda kuwafuata waajiri. Hakuna rangi ya kijani wala nyekundu iliyowahi kumtoa.

Halafu nenda kaangalie data inapozaliwa, yaani tawini, mezani kwa karani. Mimi nilikuta kila tawi lina faili lake la Excel, na namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, zimeharibika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiichukulia kama namba ya kawaida inashika 15 tu, tano za mwisho zinageuka sifuri, na kwenye seli unaona kitu kama 1.985E+19. Kwa kuwa namba hiyo inaanza na tarehe ya kuzaliwa, mapacha wetu wawili waliojiandikisha pamoja wakawa mtu mmoja mwenye mikopo miwili. Dawa yake ni kuifanya safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika, jambo la sekunde tano. Kuzirudisha zilizokwisha kupotea kulituchukua wiki kadhaa za kupekua fomu za karatasi. Na msidhani ni ushamba wetu: mwaka 2020 huko Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya hesabu kwa siku kadhaa, kisa faili la Excel la mtindo wa zamani linalokomea mistari 65,536.

Kuhusu programu yenyewe sina maneno mengi. Power BI Pro, programu ya Microsoft ya kutengenezea dashibodi, ilipanda Aprili 2025 kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtumiaji kwa mwezi. Watu 25 ni dola 4,200 kwa mwaka, na mkihesabu kwa ukweli wanaoifungua ni sita. Metabase na Superset, programu nyingine za kazi hiyo hiyo, zina matoleo ya bure, ila mtahitaji seva na kijana wa kuitunza, na akipata kazi benki mtabaki mnatazamana. Ulizeni pia intaneti ikikatika tawini inakuwaje. Muuzaji akianza kuonyesha grafu za kampuni isiyojulikana, mpeni data yenu mbovu ya mwezi mmoja afanyie hiyo. Wawili kati ya watatu waliokuja kwetu hawakurudi.

Kitu kimoja nilichokipuuza ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Dashibodi yetu ya kwanza ilionyesha majina ya wadaiwa, pale mapokezi, mbele ya wateja. Nikikumbuka naona aibu. Sasa anayepanga marejesho anaona majina, bodi inaona jumla.

Baada ya yote hayo, ripoti inayotumika zaidi pale ni ya ukurasa mmoja, inayotumwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi: namba saba, na chini yake maana ya kila neno. Mwalimu anaichapisha kwenye karatasi na kuiwekea alama za vema kwa kalamu nyekundu. Matawi mawili yanaingiza data moja kwa moja kwenye mfumo. La tatu bado linanitumia picha ya daftari kwa WhatsApp, na kwa kuwa hesabu za dada yule hazijawahi kukosea, nimemwacha kwanza.