Oili Haizeeki kwa Kilomita Peke Yake

Msomaji ametuuliza: ana Mazda MX-5 ya mwaka 1992. Tangu amwage oili mara ya mwisho gari limetembea kilomita 1,800 tu, ila imeshatimia miaka miwili. Kwenye galoni ya oili aliyonunua imeandikwa kwamba inafika kilomita 15,000. Je, si bado zimebaki zaidi ya 13,000? Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba siku hizi gari likiwashwa asubuhi linagonga tik-tik upande wa juu wa injini kwa dakika moja hivi.

Hazijabaki, hata moja. Oili hiyo imwagwe wiki hii.

Wenye magari ya spoti ya zamani wengi hukosea hapohapo, na hukosea kwa nia njema. Gari wanalitunza: linafunikwa, linatolewa Jumapili, linazungushwa kidogo, linafutwa vumbi, linarudishwa ndani. Kilomita haziongezeki, basi wanaona oili nayo imepumzika. Kumbe injini inayowashwa dakika kumi na kuzimwa huchafua oili kuliko inayokwenda safari ya saa tatu.

Sababu ni maji. Petroli ikiungua hutoa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji. Mengi hutokea kwenye ekzosi kama mvuke, lakini sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ringi zikiwa zimelika, kama zilivyo kwenye injini ya miaka thelathini, ndivyo yanavyoshuka mengi zaidi. Injini ikipata moto sawasawa maji hayo hugeuka mvuke, yakavutwa kupitia mpira wa kupumulia na kwenda kuunguzwa. Isipopata moto yanabaki humo. Yakikutana na mabaki ya petroli iliyoungua yanakuwa asidi. Oili nzuri ina dawa ya kuua asidi, lakini dawa hiyo ina kiasi chake. Ikishakwisha, asidi huanza kula risasi na shaba kwenye beringi za krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), gari likiwa limefunikwa turubai na mwenyewe amelala usingizi.

Msidanganywe na geji ya joto. Ile inapima maji ya redieta, nayo hufika katikati baada ya dakika tano. Oili iko nyuma sana: huhitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo, wala si za kusimama ukiunguruma. Fungua kifuniko cha kumiminia oili uangalie upande wa ndani. Ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, gari halitembei vya kutosha. Ukikuta mwingi, na maji ya redieta nayo yanapungua, hiyo ni gaskiti ya silinda hedi iliyoungua, wala oili mpya haitaiponya.

Basi ni mara ngapi? Gari linalopata safari ya nusu saa au zaidi kila wiki, lina injekta na linatumia oili ya sintetiki, tunalipatia kilomita 8,000 au miezi 12, kinachotangulia. La kabureta, au linalotumia oili ya madini, kilomita 5,000 au miezi 12. Lenye tabo (feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini), au lenye safari fupifupi kama hili la msomaji wetu, kilomita 5,000 au miezi sita. Tabo inaingia hapa kwa sababu shafti yake huogelea kwenye oili ileile ya injini, karibu kabisa na moto wa ekzosi. Oili iliyochoka huungua pale na kuacha masizi magumu yanayoziba kijia chake. Ukitoka kukimbiza gari la namna hiyo, liache lingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima.

Mazda RX-7 ni habari nyingine. Injini yake ya rotari hunyunyiza oili kidogo ndani ya chumba cha kuunguzia kwa makusudi, ili kulainisha sili za ncha za rota. Kwa hiyo kupungua kwa oili ni kazi yake ya kawaida, si ugonjwa. Mwaga kila kilomita 5,000, na pima kila unapojaza tanki. Na gari lolote linalopelekwa kwenye saketi ya mashindano lisihesabiwe kilomita: siku mbili za saketi, mwaga. Oili ikivuka nyuzi 130 za Selsiasi kwa muda mrefu, mwaga ukirudi nyumbani.

Kama gari umelinunua juzi na hujui historia yake, mwaga leo na mwaga tena baada ya kilomita 1,000 hivi. Oili mpya ina sabuni ndani yake. Itaanza kuyeyusha uchafu wa miaka na itachafuka upesi. Huo ndio usafishaji unaotakiwa. Zile dawa za kumimina na kuunguruma dakika kumi hatuzipendi kwa injini ya zamani: hung'oa mabonge makubwa kwa mkupuo, nayo huenda kukaa kwenye wavu wa kufyonzea ulio chini ya sampo. Wavu ukiziba, pampu haina cha kuvuta.

Sasa oili ipi. Fuata mnato, yaani unene wa oili, ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kwa namba kama 20W-50 (namba zikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi), si ule ambao jirani ameweka kwenye gari lake jipya. Injini hizi ziliundwa na nafasi za beringi zinazotaka utando mnene. Porsche 911 za kupozwa kwa hewa hupenda 20W-50. BMW M3 ya E46, yenye injini ya S54, inataka 10W-60, na anayeiwekea kitu chepesi anachezea beringi za koneksheni rodi. Oili ya 0W-20 ni nzuri sana, mahali pake si hapa.

Kuna jambo la zinki ambalo watu hulisema nusunusu. Injini zenye tapeti bapa (vyuma vidogo vya kusukuma vali) zinazosuguana moja kwa moja na kamshafti, mhimili unaofungua vali, kama za MGB na Triumph TR6, hutegemea mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaoganda juu ya chuma na kuzuia kulika. Fosforasi hiyo huharibu kichujio cha ekzosi cha magari mapya, kwa hiyo daraja la SM la API (taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili) lililotoka mwaka 2004 lilishusha kiwango chake kwenye oili nyepesi hadi asilimia 0.08 kwa juu. Kwa tapeti bapa tafuta oili yenye fosforasi ya asilimia 0.10 hadi 0.12, oili nyingi za magari ya kale za 20W-50 zimo humo. Usichukue oili ya kawaida ukaongezea chupa ya dawa kwa kukadiria. Zinki ikizidi sana nayo hudhuru chuma, na hutajua umefika wapi.

Ile hofu kwamba sintetiki huvujisha injini ya zamani haina nguvu tena. Oili ya sintetiki ya leo haili sili. Inachofanya ni kuosha uchafu uliokuwa umeziba ufa wa sili iliyokufa siku nyingi. Badilisha sili.

Ukifika kwenye kumwaga kwenyewe, endesha gari dakika 15, zima, subiri dakika tano. Inua kwa jeki lakini lisimamishe juu ya stendi, kisha hakikisha limekaa sawa. Likiinamia upande mmoja uchafu hubaki sampo. Fungua kifuniko cha juu kwanza, kabla ya boliti ya chini. Kifuniko kikigoma ilhali umeshamwaga, umekwama na gari tupu. Acha oili ichuruzike dakika 20 nzima. Mkondo ukishakuwa matone watu hufunga upesi, na matone yale ndiyo machafu kuliko yote.

Filta ibadilishwe kila mara. Unaokoa nini ukimimina oili mpya ipite kwenye taka za zamani? Ukiitoa, pitisha kidole kwenye kikalio chake injini mle. Mpira wa filta ya zamani hupenda kubaki umeganda pale. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili itateleza na oili yote itatoka barabarani kwa dakika chache. Pakaa oili kwenye mpira mpya, jaza filta nusu kama imesimama wima, funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Spana ni ya kufungulia tu. Kwenye MX-5 filta imejificha chini ya manifoldi ya hewa, hufikiwa kwa kupapasa, nayo lazima ikumwagikie mkononi. Weka tambara.

Boliti ya sampo iwe na washa (kipete cha kuzibia) mpya, ya shaba au aluminiamu kama ilivyokuja. Washa iliyokwisha kubanwa haibaniki tena, ndiyo maana mtu huongeza nguvu, na akiongeza nguvu nyuzi za sampo hung'oka. Kwa MX-5 hii kaza kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 na 41, usizidishe.

Mimina pungufu ya nusu lita. Washa, angalia taa ya oili izimike, subiri dakika moja, zima. Baada ya dakika kumi pima kwa stiki, ongeza kidogokidogo. Ukivuka alama ya juu, krenkishafti itaipiga oili mpaka iwe povu, na povu halilainishi kitu. Porsche 911 ya kupozwa kwa hewa haipimwi hivi: oili yake hukaa kwenye tanki la pembeni, mfumo mzima unapita lita 10, na hupimwa injini ikiwa ya moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Ukiipima imezimwa utaona imepungua, utaongeza, na utajikuta umeizidisha.

Kabla hujaitupa oili chafu, iangalie. Weusi peke yake si kitu, kabureta huichafua ndani ya wiki mbili. Inuse. Ikinuka petroli, na stiki inaonyesha imepanda badala ya kushuka, petroli inaingia sampo: choki imekwama, au boya la kabureta halizibi, au ngozi ya pampu ya petroli imetoboka. Kata filta, kunjua karatasi yake juani. Vumbi jembamba ni kawaida. Vipande vinavyonata kwenye sumaku ni chuma cha kamshafti au ringi. Vinavyong'aa rangi ya shaba ni beringi, na hapo gari lisiwashwe tena mpaka sampo ishushwe.

Na kupima ndiko kunakosahaulika zaidi ya kumwaga. Oili ya MX-5 haifiki lita 4; ikipungua lita moja, zaidi ya robo imeondoka. Ukikata kona kwa kasi, iliyobaki hukimbilia ukuta wa sampo na pampu inavuta hewa. Sekunde mbili za hewa zinatosha kuanza kuua beringi. Honda S2000 inajulikana kwa kula oili ikizungushwa juu, na mwenye kuinunua huinunua kwa ajili hiyo ya kuizungusha. Mtu anabadilisha rimu, anafunga sailensa ya kelele, halafu stiki haijavutwa tangu mwezi wa tatu! Geji ya presha nayo isikulevye: kwenye MX-5 za kuanzia mwaka 1995 mshale ule unafanya kazi kama taa tu, uko katikati au uko sifuri.

Gari likienda kulala miezi kadhaa, mwaga kabla ya kulaza, usingoje siku ya kuamsha. Asidi hufanya kazi wakati gari limelala.

Ile tik-tik, sasa. MX-5 ya mwaka 1992 ina tapeti za haidroliki, na matundu yake ni madogo mno. Oili iliyochoka huyaziba, tapeti ikakaa bila kujaa, ikagonga mpaka presha ipande. Weka 10W-30 au 10W-40 mpya na filta yenye vali inayozuia oili kurudi chini, kisha likimbize safari ya saa nzima. Huenda sauti ikaendelea siku kadhaa. Ikiwa bado ipo baada ya kilomita 1,000, mwaga tena. Ikibaki hata hapo, vua kava la juu utazame tapeti zenyewe.