Je, uimarishaji hasi ni jina jingine la adhabu?

Swali: Mwanangu wa miaka minne hujitupa chini dukani na kulia mpaka nimnunulie pipi. Nikimchapa hunyamaza, lakini kesho yake hurudia. Katika masomo yangu ya ualimu nimekutana na "uimarishaji hasi". Je, ndiyo adhabu yenyewe?

Jibu: Hapana, mama, ingawa wanafunzi wengi wa saikolojia huteleza hapohapo. Neno "hasi" hapa halimaanishi ubaya, bali kuondoa kitu, kama alama ya kutoa katika hesabu. "Chanya" ni kuongeza. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, hulifanya tendo lirudiwe zaidi, ilhali adhabu hulipunguza. Kwa mtazamo wa B. F. Skinner, Mmarekani aliyeeleza ujifunzaji huu kwa kirefu mwaka 1938, jina hutegemea tendo linavyokuwa baadaye, wala si nia ya mtoaji.

Turudi dukani. Mtoto analia, anapata pipi: kilio kimeimarishwa kwa kuongezewa kitu. Lakini na wewe ulipotoa pipi, kelele zilikoma na macho ya wateja yakakuondokea, hivyo safari ijayo utakuwa mwepesi zaidi wa kufungua pochi. Huo ndio uimarishaji hasi, na aliyefunzwa ni mzazi. Kofi nalo lina mtego uleule: linaleta ukimya papo hapo, kwa hiyo linamzoesha mama kupiga, na kwa kuwa mtoto hurudia kesho yake, kitaalamu halijawa hata adhabu.

Acha kabisa kukilipa kilio. Tarajia kwamba mwanzoni kitazidi kabla ya kufifia. Ukisalimu amri siku ya tatu, utakuwa umemfundisha kulia kwa muda mrefu zaidi, kwani tendo linalolipwa mara mojamoja ndilo gumu kuzimika.

Wakati huohuo imarisha tendo mbadala, tena bila kuchelewa. Kule Morogoro, panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini husikia mlio mfupi mara tu wanapoitambua harufu sahihi, ndipo hupewa chakula; mlio huo huziba pengo kati ya tendo na tuzo. Kwa mwanao, sifa ya kutulia itamkwe angali amesimama kwenye foleni, na achague mwenyewe ndizi za kubeba. Mkifika nyumbani itakuwa imechelewa.