Kabla hujamnyang'anya kijana simu, angalia ameacha nini

Nyumbani kwetu Free Area, Nakuru, hatukugundua uraibu wa gemu wa mdogo wangu kwa kuhesabu saa alizokaa kwenye simu. Vijana wengi hucheza gemu za simu kama Free Fire au eFootball jioni nzima, na kesho yake wanaamka na kwenda zao. Tuliugundua kwa vitu alivyoviacha. Kwanza mpira wa jioni. Kisha akaacha kumsindikiza mama alfajiri soko la Wakulima kuchukua mboga, kazi aliyojivunia tangu akiwa shule ya msingi. Mwishowe hata chakula akawa anakila chumbani, macho yakiwa kwenye skrini.

Shirika la Afya Duniani nalo halihesabu saa. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatazama mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia shughuli nyingine zote, na kuendelea kucheza hata madhara yakionekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Kwa hiyo kijana anayecheza sana wakati wa likizo tu si mgonjwa, na naomba tusimwite hivyo.

Mama alimnyang'anya simu. Hasira yake niliielewa, lakini jioni ile ile kijana alikuwa kwa jirani, anacheza kwa simu ya mwenzake. Marafiki zake wako humo. Wanacheza wanne wanne, wanaongea wakiendelea kucheza, na mmoja akitoka katikati ya mechi watatu wanabaki pungufu na lawama zote ni zake. Nadhani nusu ya ugomvi wa gemu majumbani unaanzia hapo. Basi tukabadilisha kauli. Badala ya "zima sasa hivi" tukawa tunamwambia "hiyo ndiyo mechi ya mwisho." Mechi hizi ni za dakika chache, subiri iishe.

Usiku simu zote zikawa zinalala sebuleni, ya mama na yangu pia. Bila hivyo asingekubali, na angekuwa na haki. Arifa tulizizima tukiwa naye, kwa sababu gemu hizi hutoa zawadi za kila siku ili mchezaji asikose hata siku moja, na msimu ukiisha anashushwa daraja aanze kupanda tena. Mama alibadilisha namba ya siri ya M-Pesa, maana almasi za gemu, ambazo hununuliwa kwa pesa halisi, zilikuwa zinakula pesa za mboga.

Lililotusumbua zaidi ni mchana. Kijana amemaliza kidato cha nne, chuo bado, siku nzima hana pa kwenda. Ukimwondolea gemu unampa nini? Mjomba wetu, fundi wa pikipiki, alimchukua gereji kila alasiri, na kule alikuwa anasubiriwa. Siku za mwanzo alikuwa mkali na usingizi haukuja. Wakati huo usibishane naye, kaa naye tu.

Akianza kuzungumzia kujidhuru, usingoje hiyo miezi 12. Hapa Nakuru nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH, uulizie wahudumu wa afya ya akili. Kama hajafika miaka 18, unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya watoto. Mkifika kwa daktari, mwache kijana aeleze mwenyewe kwanza.